Skrubu ya Tangi la Petroli

Siku ile mjinga alikuwa Masele, baba yake Limi, na siku hizi hata yeye hakatai. Alikuwa amepachika injini mpya kwenye mtumbwi wake, akaikaza kabisa ile skrubu ndogo ya juu ya kifuniko cha tangi, eti petroli isitoroke na harufu yake.

Katikati ya ziwa, akiwa amempakia Paskalia, mchuuzi wa samaki, injini ikakohoa, ikazimika. Masele akafungua kifuniko, akakuta petroli tele. Akafunga, akavuta kamba, wakasogea kidogo, ikazimika tena. Kule Nkome lori la kwenda mgodini Geita lilikuwa likiwangoja sato wa Paskalia, na jua lilishaanza kuwalegeza.

Paskalia akaona kwamba injini hupona kila kifuniko kinapofunguliwa. Akailegeza skrubu mwenyewe. Hewa ikaingia juu, petroli ikashuka kwenye injini, wakakimbia moja kwa moja hadi Nkome, wakalikuta lori.

"Ilikuwa imechoka tu," Masele akasema wakipakua samaki. "Injini nayo hupumzika."

"Haikuchoka, Baba Limi," Paskalia akamjibu. "Ilinyimwa pumzi, tena na mtu mwenye matundu mawili ya pua."