Arobaini ya Fardowsa

Kwenye fleti za wazee pale Hodge Hill, ambako haruhusiwi kuishi mtu asiyefikisha miaka hamsini na mitano, mtoto mchanga alikuwa analia. Roselyne alisimama kwenye korido na mifuko yake ya soko, akaomba iwe ni televisheni ya mtu. Lakini alikuwa amefanya uuguzi wodi ya wazazi mpaka akastaafu. Kilio kama kile asingeweza kukikosea.

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Kabla hajatoa ufunguo, jirani yake, mzee Lennox, alikwisha kutoka nje.

"Umesikia?" Lennox aliuliza. "Mwaka jana mjukuu wangu alipokosa pa kukaa, ulinigongea mlango huu huu. Ukasema mgeni hazidishi wiki mbili. Akaenda kulala kwa marafiki Digbeth, na mimi sikubishana nawe."

Aliyasema bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Roselyne.

Akaenda kubisha kwa Nafiso. Nafiso alikulia Garissa, na jengo zima ni yeye tu ambaye Roselyne angeweza kupiga naye soga kwa Kiswahili mpaka mbavu ziume. Leo alifungua mlango nusu. Harufu ya ubani ilitoka kwanza.

"Karibu, Mama Walter. Umekuja kama jirani ama kama chairlady?"

"Nimekuja na magoti mabovu. Nifungulie nikae."

Binti wa Nafiso, Fardowsa, alikuwa amejilaza kwenye sofa, mtoto kifuani. Alikuwa amezaa kwa operesheni. Mumewe huendesha lori huko Ulaya, na nyumba yao ya Aston ina ngazi kama ukuta.

"Kwetu binti akizaa hukaa kwa mamake mpaka arobaini iishe," Nafiso alisema. "Ungetaka nimpeleke wapi?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Wewe na sheria ni pete na kidole."

Roselyne alimpokea mtoto, akamlaza begani. Kwa hesabu ya Nafiso, wiki mbili zilikuwa zinaisha Jumapili. Akijifanya haoni, angemtazama Lennox kwa uso gani? Na akimtoa mzazi mwenye kidonda kibichi, angejitazama vipi mwenyewe?

"Nafiso," alisema taratibu, "sheria inasema mgeni asizidishe wiki mbili kwenye fleti moja."

"Naijua."

"*Moja*. Mimi nina kile chumba cha Walter. Tangu ahamie Leeds hakuna anayelala humo."

Nafiso alimkazia macho. "Kwako? Na ule msalaba ukutani?"

"Msalaba haumli mtoto."

Fardowsa akacheka huku ameshika tumbo, akimwomba Roselyne asimchekeshe zaidi.

Roselyne hakutaka kulifanya kwa siri. Aliwaita wakazi kwenye ukumbi wa chini, akawaeleza yote. Paramjit, mjane wa ghorofa ya pili, alisema zamu ya tatu, ya kumalizia arobaini, ni yake na asitokee wa kumnyang'anya. Lennox aliinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

"Na mjukuu wangu?"

"Akija tena, wiki mbili kwako, wiki mbili kwangu," Roselyne alijibu. "Mwaka jana sikulifikiria hili, Lennox. Nisamehe."

Lennox alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Kitanda cha mtoto atabeba nani? Wanawake mtakivunja."

Jumapili alikibeba mwenyewe, akifokea kila aliyejaribu kumsaidia.

Kesho yake asubuhi Roselyne alimkuta Nafiso mlangoni na chupa ya uji. Nafiso alimlisha binti yake, akamkanda, akamwogesha mjukuu, kisha akajinyoosha kwenye kiti kizuri karibu na dirisha. Mchana ukaingia, yuko pale pale.

"Mwenyekiti," aliita, "mgeni asiyelala ana sheria?"

"Hana."

"Basi weka chai."