Jina la Mama Yake Mbonea

Nambua anasinzia kwenye kiti cha plastiki, chini ya turubai la msiba, wasifu wa marehemu baba yake ukiwa mapajani. Umekamilika isipokuwa mahali pamoja: Mzee Mbonea alizaliwa Ngorwe, milima ya Upare, mama yake akiitwa, halafu nafasi tupu. Jua la saa nane linachoma. Anafumba macho kidogo tu, na njia inaanzia miguuni pake, nyembamba kama mfereji, naye anapanda, na kila akipinda kona anakuta kona ileile, anapanda tena, mpaka Ngorwe inatokea, mahali ambapo baba yake aliondolewa akiwa na miaka mitano na ambapo hakupasimulia kamwe. Kumbe Ngorwe ziko mbili. Moja imekaa juu ya matuta ya maharage, nyingine imepinduka ndani ya bwawa la kumwagilia, migomba kichwa chini, moshi ukishuka, na Nambua hajui amesimama katika ipi. Watu wanalima. Wanapoinua vichwa hawana nyuso, ni ngozi tu, laini kama kiganja. Shikamooni, anasema, namtafuta mama yake Mbonea. Marahaba, anajibu mmoja, Mbonea yupi, maana hapa anayeondoka huacha shimo, na shimo tunalipanda maharage. Basi nionyesheni shimo lake. Umelikanyaga ulipokuwa unakuja, mwanangu. Nambua anageuka, na nyuma yake njia haipo.

Ukingoni mwa shamba kuna mwanamke anayepalilia peke yake huku akijisemesha Kipare, kwa sauti ileile ya baba alipokuwa akimwagilia mchicha wake kule Tanga. Nambua anamkimbilia. Bibi, unaitwa nani? Mwanamke anaweka jembe chini, anamshika mkono, anajibu kwa kirefu na kwa upole, na Nambua haambulii hata neno. Bibi, nakuomba, sema Kiswahili, baba hakutufundisha. Mwanamke anarudia, polepole zaidi, kama anayembembeleza mgonjwa. Kisha anauliza kitu, anangoja. Nambua anaitikia kwa kichwa, bila kujua amekubali nini. Mwanamke anauachia mkono wake, anaokota jembe, anampa mgongo.

Dada, amka, mchungaji anakungoja. Ni Kiangi, mdogo wake, anamtikisa bega. Nambua anasimama kaburini, au mahali panapofanana na kaburini, udongo mwekundu, watu wengi. Anajifinya mkono. Unauma, lakini hata kule mkono wake ulishikwa na akasikia joto. Anamnong'oneza Kiangi, tulishazika au bado? Dada, soma tu, watu wamechoka. Anasoma. Marehemu Mzee Mbonea alizaliwa Ngorwe, mama yake akiitwa. Anangoja, labda atasikia. Upepo unapiga turubai. Endelea, mama, anasema mchungaji. Nambua anaruka mstari, anasoma mwaka ambao baba yake aliajiriwa bandarini.