Kipande Kisichotumiwa
Siku kaka alipofariki, michango iliendelea kuingia kama kawaida. Watu wa mbali, wasio na habari, walituma marekebisho yao kwenye programu ya maktaba aliyoiandika na kuigawa bure, wakangoja aipitie kazi yao. Mmoja wao, anayejiita Fagio, aliuliza kwa utani kama mwenye mradi amelala fofofo. Aliyejibu ni dada mtu, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo pamoja na kaka yake. Aliandika sentensi moja, akafunga kompyuta, akaenda kupanga viti vya wageni.

Tangu hapo mradi ukawa mikononi mwake: hakuna mstari wa programu ulioingia wala kutoka bila yeye kuukubali. Marekebisho ya makosa aliyapitisha upesi. Michango ya usafi ndiyo iliyomshinda. Usafi, kwa watu wa kazi hii, ni kuondoa kilichochakaa: mistari iliyorudiwa, majina yasiyoeleweka, vipande ambavyo programu haivitumii tena. Na karibu kila kilichochakaa kilikuwa cha kaka. Fagio alituma usafi tu, kidogo kidogo, na dada akampiga danadana. Leo alitaka maelezo zaidi, kesho majaribio zaidi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wachangiaji wengine wakaanza kunong'ona kwamba heri wainakili programu wakaiendeleze kwingine.

Kisha Fagio akaomba kufuta kipande cha mwanzo kabisa, cha kusoma kadi za vitabu kupitia mashine ambayo hakuna maktaba iliyokuwa nayo tena. Juu yake kaka alikuwa ameandika: *Usicheke, dada. Nitakipendezesha kesho.*

Kanuni ya mradi aliiweka kaka mwenyewe: kisichotumiwa kinatoka, hata kama ni changu. Dada aliijua vizuri. Basi akafanya jambo ambalo ni watu wa kazi hii tu wangeliwaza. Aliongeza mstari mmoja, mahali pengine, wa kukitumia kile kipande kila programu inapowashwa. Akamjibu Fagio kwamba ombi limekataliwa, kipande kinatumika.

Toleo jipya lilipotoka, wakutubi wakalalamika. Programu iliitafuta kwanza mashine isiyokuwapo, ikangoja weee, ikakata tamaa, ndipo ikafunguka. Mkutubi mmoja aliuliza kama safari hii wametumiwa kobe.

Fagio, ambaye hakuwahi kupiga simu, akapiga.

"Njia ya mwongo fupi, dada," alisema. "Kile kipande hakikuwa na kazi. Kazi umekipa wewe."

"Ndiyo."

"Historia ya mradi inatunza kila tunachofuta. Hakipotei."

"Najua kitakuwa wapi. Ila hakuna atakayepita huko."

Fagio hakubisha. Alisema wangeweza kukiacha kwa heshima ya marehemu, na yeye angekuwa wa kwanza kuunga mkono. Asichotaka ni kudanganywa.

Mama alikuwa chumba hicho hicho, anakunja nguo. Simu ilipokatika akataka kujua ugomvi ni wa nini, na dada akamweleza kadiri alivyoweza.

"Kwani huyo bwana anataka kufuta nini, kaka yako au mashine?"

"Mashine, mama."

"Haya." Mama akakunja shuka. "Viatu vyake nimempa jirani. Vinambana, lakini kang'ang'ana navyo."

Dada alicheka kidogo, akageukia kompyuta. Kwanza aliuondoa mstari wake mwenyewe, akaandika wazi kwamba aliuweka ili kuzuia ufutaji. Kisha akalifungua tena ombi la Fagio, akalisoma mstari kwa mstari kama anayechambua mchele. Alikuta jina moja limekosewa, akamrudishia alirekebishe. Lilipokuja limesahihishwa, akalikubali.

Sasa programu inafunguka mara moja. Michango ya usafi hupitiwa na wawili, dada na Fagio, na anayekataa hutakiwa kuandika sababu.