Jino la Kigen

Watu wa Eldoret watakuambia dawa ya jino ni kung'oa. Ni rahisi kusema hivyo kama jino si lako. Daktari Jerop hakutaka kabisa kuling'oa la bintiye Brenda, gego la chini ambalo mizizi yake, kwenye eksirei, ilipinda kama ukucha wa jogoo.

Alikuwa na vijitupa vya aina mbili vya kusafishia mizizi: vya chuma kigumu, vya kuzungusha kwa vidole, na vile vipya laini, vya mashine. Kigumu kikifika penye kona huenda moja kwa moja kikatoboa mzizi. Kilaini hufuata kona, lakini kinaweza kukatikia ndani bila hodi. Akikosea, jino la Brenda limekwenda. Kawaida yake ilikuwa kujaribu kwanza kwenye jino lililong'olewa, lenye kona kama ile.

Kwenye chupa alimoweka meno ya kujaribia, la namna hiyo lilikuwa moja tu. La Kigen, mumewe, babake Brenda. Damu ni damu, hata kwenye mizizi.

Alimng'oa mwenyewe lilipovunjika juu, na Kigen akamtania shavu likiwa bado limekufa ganzi: "Liweke vizuri, daktari. Hayo mengine utayapata baadaye." Baadaye gani? Mengine yako Kaptagat, chini ya udongo, na mwenyewe pia.

Jerop alilishika. Mzizi mmoja uliopinda, na ndani yake njia mbili za neva. Ya kwanza akapitisha kigumu. Kilifika konani kikatokeza ubavuni. Ya pili akapitisha kilaini, polepole, kikapinda hadi mwisho. Basi akajua. La Brenda akalifanya kwa kilaini, na jino likapona.

Brenda alipoinuka kitini, mdomo mzito, aliliona lile jingine kwenye trei.

"Ni la baba yako," mamake akasema. "Nimelitoboa ndio nisitoboe lako."

Brenda alilichukua, akapapasa lile tundu. Msichana mzima, wa chuo kikuu, akauliza kama mtoto: "Hakusikia uchungu ulipolitoboa?"

"Hakusikia," Jerop akajibu, vile anavyowaambia wagonjwa kutwa nzima. Wagonjwa huwa anawadanganya kidogo. Kwa Kigen haukuwa uongo hata chembe, na hapo ndipo Jerop alipovua glavu, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akalia.