Ushauri wa Kulaza Shamba

Anicet Nzeyimana alikuwa akiongoza gari litoke kwenye maegesho ya South Beach, mkono hewani, filimbi mdomoni, Maalim Jecha alipomjia mbio. Mtu mzima wa Pemba hakimbii ovyo, tena saa saba mchana na kanzu mwilini. Anicet akajua kuna jambo.

"Maalim, iko nini?"

"Trekta halikwenda, Mzee Anicet. Bi Rasmiya amepiga simu, analia."

Huyu mlinda magari mwenye kizibao cha rangi ya chungwa alikuwa bwana shamba Burundi kwa miaka ishirini na mbili. Alipokimbilia Durban vyeti vyake havikumfaa kitu, basi akalinda magari ya watu. Mwaka jana Jecha, mwalimu wa madrasa kule Chatsworth, alimwomba aishauri kamati yao, iliyokuwa ikiwasaidia wakulima wa Kipalestina kuyakomboa mashamba yaliyotaka kunyang'anywa. Anicet ni mtu wa kwaya na kanisa, lakini udongo hauna dini. Kwa picha za simu tu alimwelekeza Bi Rasmiya, mjane wa huko vilimani, jinsi ya kupanga mawe ili mvua isibebe udongo. Mawe yakashika. Tangu siku hiyo neno la Anicet likawa sheria kwenye kamati na, tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo.

Mwezi uliopita wakamuuliza kuhusu shamba la juu la mama huyo. Akatazama picha, akaona udongo umechoka, akaandika ripoti ya kurasa mbili: lilazwe msimu mmoja. Ushauri safi, wa kitabuni. Kamati ikalipeleka kijiji kingine trekta ambalo ilikuwa imemkodia, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza mwenye shamba.

"Sasa analia nini?" Anicet akauliza. "Nilisema jachère, shamba ilale, ipumuzike. Mwaka kesho italeta mingi."

"Hakuna mwaka kesho. Kule shamba lisipolimwa miaka mitatu mfululizo, wanaowatawala wanaweza kulitangaza kuwa lao. Miaka miwili walowezi wamemzuia asipande huko juu. Huu ndio wa tatu, nasi tulihesabu vibaya. Maofisa wanapita leo saa kumi kupiga picha."

Anicet akaitia filimbi mfukoni. Na asingeweza kusema hakujua mambo hayo. Shamba lake mwenyewe la Rumonge alilikimbia, na leo analilima mtu mwingine mwenye hati mkononi.

"Anajua ni mimi niliandika?"

"Sidhani. Na usimwambie sasa, utamvunja moyo."

Wakaketi ukingoni mwa barabara, Jecha akapiga simu na kuweka sauti kubwa. Yeye alikuwa na Kiarabu cha kutosha. Bi Rasmiya alisema ana punda mmoja, plau la marehemu mumewe na gunia la shayiri. Shamba lenyewe lilikuwa kubwa kama viwanja viwili vya mpira. Saa za kwake na za Durban majira hayo ni zile zile, kwa hiyo hata hapo hapakuwa na nafuu.

"Haiwezekani," Jecha akanong'ona.

Anicet akafumba macho, akaliona shamba lote. Kisha akatoa maagizo ambayo zamani angemfukuza mwanafunzi darasani kwa kuyasema: plau liguse udongo juu juu tu, kati ya mfereji na mfereji ziachwe hatua tano, shayiri irushwe kwa mkono popote itakapoangukia, mradi kwenye picha shamba lionekane limelimwa.

"Lakini aanzie mpakani," akasema, "pale kwenye uzio wa walowezi. Wale watu watachora mstari wao pale plau itasimama."

Jecha hakutafsiri. "Mzee, pale ndipo walipompiga mawe mwaka jana."

"Najua. Mwambie vilevile kama mimi niko hapa parking, hakuna wa kunigusa, na ni yeye ndiye atakwenda. Achague mwenyewe."

Jecha akatafsiri. Kisha mwanamke yule akamkemea punda wake, na wakasikia chuma kikikwaruza mawe.

Wakasikiliza zaidi ya saa nzima. Dereva mmoja alipiga honi na kumwita Anicet kila jina alilolijua. Anicet hakuinua hata kichwa. Ghafla zikasikika sauti za wanaume, kelele, kitu kikagonga, punda akalia. Simu ikakatika.

Jecha akapiga tena. Akapiga mara kumi, mara kumi na tano. Haikupokelewa. Maalim akawa anasoma dua, Anicet akisali kwa Kirundi, na watu wa ufukweni wakapita na aiskrimu zao wakiwatazama.

"Nimemuua," Anicet akasema. "Ripoti haikutosha, nimemtuma na kwenye mawe."

Saa kumi na nusu simu ikaita. Jecha nusura aiangushe. Bi Rasmiya alikuwa hai, mkono mmoja umevimba, hawezi kukunja vidole. Alikuwa ameuzunguka mpaka wote na kulima karibu nusu ya ndani. Maofisa walikuja, wakapiga picha, wakabishana wao kwa wao, wakaondoka. Karatasi ya kulitwaa shamba hawakubandika.

"Alhamdulillahi!" Jecha akapaza sauti, akampiga mwenzake begani.

Anicet hakucheka. "Mwambie aliyesema shamba ilale ni mimi."

"Mzee, yamekwisha hayo."

"Tafsiri, Maalim."

Jecha akatafsiri taratibu. Akasikiliza jibu, akamgeukia Anicet kama asiyeamini.

"Anasema anajua. Ripoti aliletewa leo asubuhi, alipouliza trekta liko wapi. Jina lako liko chini yake."

"Na leo alinisikiliza kwa nini?"

Jecha akauliza. Jibu lilikuja fupi, limechoka, wala halikuwa na hasira.

"Anasema, kwani alikuwepo nani mwingine?"