Umma kwa M Mbili

Fundi Herufi alikuwa ameinamia ubao wa kinyozi, anamalizia mkia wa herufi ya mwisho, mgeni alipobisha hodi. Siku hiyo hakuwa akimtarajia mtu. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye nguo safi iliyopauka mabegani na mfuko wa plastiki mkononi.

"Karibu, mama. Ingia tu."

Akaingia, na akaendelea kuingia. Nyayo zilipita kizingitini mfululizo, kama za watu wanaotoka uwanjani mpira ukiisha, ingawa aliyesimama sebuleni alikuwa yeye peke yake na mfuko wake. Fundi Herufi alijaribu kufunga mlango, mlango ukagoma, kwa kuwa mgeni alikuwa hajamaliza kuingia. Mkewe akatokea uani akijifuta mikono.

"Mwambie mgeni ajitahidi kidogo, vumbi linajaa ndani."

"Nisamehe, mwanangu," mgeni akasema. "Kuingia kwangu huchukua muda. Nikitoka ndiyo balaa zaidi."

Alimaliza kuingia adhuhuri. Mke akavuta viti vyote vya nyumba. Mgeni akakalia kimoja, vingine vyote vikalia kwa uzito. Birika la chai liliishia kwenye kikombe chake, mke akabandika jingine.

"Naitwa Umma," mgeni akasema. "Nimekuja kushukuru. Wewe ndiye uliyeandika jina langu kule langoni."

Fundi Herufi akaikumbuka kazi hiyo. Mwisho wa mtaa wao kulikuwa na kituo cha gesi, na lango la kituo aliliandika yeye kwa rangi nyekundu: MALI YA UMMA. USIINGIE. Zilikuwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na kila alipopita pale alipunguza mwendo.

"Nililiona kwa mbali, nikajiambia, kumbe na mimi nina mali," Umma akasema. "Hilo la 'usiingie' nikajua wanaambiwa wengine."

Mke alicheka hadi akakaa chini. Umma naye akacheka, na vyombo vikatikisika kabatini.

Gesi ilikuwa imepatikana miaka michache nyuma, na mambo yalikuwa yamebadilika. Juu ya kituo uliwaka moto usiozimika, mtaa mzima ukawa unaonekana usiku bila taa, jambo lililosaidia, kwa sababu umeme haukuwepo. Mke wa Fundi Herufi alipikia mkaa na kuuangalia moto huo kupitia dirisha la jiko. Ushuru wa vibanda ulifutwa, kwani serikali haikuwa na haja tena ya visenti vya wauza nyanya. Watu wakashangilia. Kisha daraja la mtaani likabomoka, wakaenda kwa diwani kulalamika kama walivyozoea, naye akawauliza kwa upole kabisa, "Kwani ninyi mmetoa nini?" Wakarudi wakivuka maji kwa miguu. Ile kamati iliyokuwa ikizunguka kukusanya maoni ya katiba mpya iliambiwa ipumzike. Uchaguzi nao ulisogezwa mbele mpaka gesi itulie.

Redio ya jirani ikatangaza kwamba uchumi umekua tena. Umma akatega sikio.

"Kila siku wanasema nakua," akasema, akivuta mkono wa nguo yake. "Mbona nguo ni ileile, na bado inanipwaya?"

Usiku, kabla ya kulala hapo kwao, aliomba jambo moja.

"Popote utakapoliandika jina langu, mwanangu, liandike zima. Wengi hunikata."

"Hilo dogo, mama. Nakuahidi."

Kesho yake waliongozana kwenda kituoni. Kutoka kulikuwa kazi kweli, hata sehemu yake nyingine ikabidi ipitie dirishani ili wasichelewe. Barabarani kivuli chake kilifunika upande mmoja wa mtaa hadi mwisho, na wauza nyanya walihamishia vibanda humo, wakamshukuru kwa kuwapatia ubaridi.

Mlinzi wa lango alimuuliza jina. Alipoambiwa, aligeuka, akasoma lango, akamtazama tena.

"Ni kweli, ni mali yake," akasema. "Lakini mimi ni wa zamu tu. Ngoja nimwite bosi."

Bosi wa majengo pale kituoni alikuwa kaka wa mke wa Fundi Herufi, ndiye aliyempa shemeji yake kazi ya lango. Alikuja amefunga tai, akamwona Umma, akamwona na shemeji yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kila siku mnanitangazia. Umma unatangaziwa hivi, umma unaombwa vile, umma uwe na subira. Sijawahi kujibu hata mara moja, nikaona ni utovu wa adabu. Leo nimekuja kujibu."

"Umefanya vizuri, mama. Ila leo hatupokei wenye mali."

"Wenye mali mnawapokea lini?"

"Una mwakilishi. Kuna mheshimiwa huzungumza kwa niaba yako."

"Nimemsikia. Sikumtuma."

Bosi akaonyesha ukuta wa nje. "Basi kaa pale usubiri, utaitwa."

Umma akaenda kukaa. Alianza kukaa hapo, karibu na lango, na kukaa kwake kukaendelea kando ya ukuta, kukapinda kona, kukaelekea sokoni. Bosi akamvuta shemeji yake pembeni.

"Shem, unaona ulichoniletea?"

"Nimeleta nini? Niliandika mlichoniambia niandike."

"Sasa andika hivi. Toa M moja. Moja tu. Isomeke Mali ya Uma. Nani atagundua? Nusu ya nchi huandika hivyohivyo, hata magazetini."

"Uma ni ule wa mezani, shem. Wenye meno. Wa kulia chakula."

"Ndiyo maana inafaa," bosi akasema, wala hakuwa anatania. "Wanasheria wameshaliangalia. Ikisomeka hivyo, huyu mama hana lake hapa. Na uma hauji kudai. Halafu sikiliza. Mabango yote ya njia ya bomba, kuanzia hapa mpaka bandarini, ni yako. Nimekushikia mimi. Dada yangu atapata paa."

Paa la nyumba ya Fundi Herufi lilivuja juu ya kitanda, juu ya meza na juu ya jiko, na mvua ikinyesha wao walilala wakiwa wamebanana kwenye kona moja. Mkewe alikuwa ameshachagua rangi ya mabati. Alikuwa ameshawaambia na majirani.

Jioni Fundi Herufi alimsimulia mkewe yote. Mkewe alisikiliza huku akichambua mchele.

"Kaka yangu kasema hivyo?"

"Kasema."

"Na wewe ulimwahidi yule mama?"

"Nilimwahidi. Wewe ulikuwa unamimina chai."

"Nilisikia." Akatupa jiwe dogo nje, akalitazama paa, akatazama na mawingu yaliyokuwa yakijikusanya. "Miaka yote watu walikuwa wanakuita Fundi Herufi, sasa wakuite Fundi Kufuta? Toa mabeseni uvunguni, baba. Inakuja kubwa."

Usiku huo ilinyesha kubwa kweli. Asubuhi Fundi Herufi alibeba ngazi, akaenda langoni na makopo mawili, jeupe la kufutia na jekundu. Bosi alikuwa dirishani anamtazama. Fundi Herufi aliliacha kopo jeupe limefunikwa. Akafungua jekundu, akazipitia M zote mbili, zikanenepa, zikasomeka tangu sokoni.

Bosi akashuka mwenyewe.

"Shem, unaniharibia."

"Wewe ndiye uliyenipa kazi hii, shem. Ulisema ni mali ya nani. Nikaandika."

"Mabango nampa mwingine."

"Mpe."

Alimpa mwingine. Siku hiyohiyo mchoraji mwingine alikuja na gari na kofia ya kampuni, akafuta M moja, kisha akaifuata njia ya bomba akiandika MALI YA UMA kila mahali mpaka bandarini, na huko, wasemao walisema, kazi ilitoka safi. Mabango yenyewe yalisema ukweli mtupu, na walioelewa hawakubisha.

Kesho yake alfajiri Fundi Herufi alirudi na kopo lake mwenyewe, akairudisha M. Mchana ikafutwa kwa nyeupe. Alfajiri akairudisha. Mchana ikafutwa. Msimu ukaisha hivyo, mwingine ukaanza. Mkewe alijifunza kuchanganya rangi isikauke haraka, na mabeseni hayakurudi tena uvunguni kwa kuwa hakukuwa na haja ya kuyaficha. Bosi aliacha kuja kwao sikukuu, lakini humtumia dada yake salamu kupitia mlinzi, naye huzijibu kwa kifupi.

Umma bado anakaa. Hajamaliza. Wanaopita humpa maji, na hakuna anayekosa kumfananisha na mtu wa kwao, mara mama mkubwa, mara kaka aliyehamia mbali. Kila jioni karani hutoka kumwambia umma uwe na subira. Umma humwuliza subira ya nini, karani husema atauliza.

Kitu kimoja kimebadilika. Nyeupe juu ya nyekundu, nyekundu juu ya nyeupe, rangi imerundikana mahali pa ile M hadi chuma kimevimba, na sasa lango halifungiki. Linabaki na mwanya wa kupitisha bega. Uongozi wa kituo haujali sana, maana gesi haipiti langoni, hupita kwenye bomba, na bomba halijawahi kukwama.

Leo asubuhi mlinzi alimshikia Fundi Herufi ngazi, kama ilivyo kawaida siku hizi.

"Jana wamefuta kwa nguvu kweli," mlinzi akasema. "Wamechubua mpaka chuma."

"Chuma hushika rangi vizuri zaidi," Fundi Herufi akajibu.

Umma, kandokando ya ukuta hadi sokoni, wakamgeukia. Akafungua kopo, akachovya brashi, akaanza na mguu wa kwanza wa M.