Uzi Mnene wa Akwii

Jumanne saa tatu asubuhi, Abdulnoor, fundi wa magitaa, aliteleka sufuria ya kuchemshia nyuzi kwenye jiko la mkaa mbele ya kibanda chake mjini Busia, nyuma ya uwanja wa malori. Akatia siki vijiko viwili na sabuni ya vyombo tone moja, kisha akamwambia Akwii akae upande ambao mvuke hauendi. Akwii alikuwa ametoka Malaba asubuhi hiyo na gitaa la besi la kanisa mgongoni. Noti za chini zilikuwa zikivuma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, na Jumapili kulikuwa na ubatizo.

Fundi alikuwa ameshaikagua bila haraka. Aliitazama shingo kwa jicho moja, akasema imepinda kidogo, akakaza nondo ya ndani robo mzunguko, akaacha hapo. Anayekaza zaidi ya robo kwa siku moja, alisema, anatafuta shingo ya kuzika. Akachomelea waya uliolegea kwenye tundu la kuchomekea spika. Halafu akapitisha kidole juu ya nyuzi, kikatoka cheusi, akakiinua Akwii akione.

"Dada, wewe hula samaki wa omena halafu unashika besi?"

"Si nanawa, fundi."

"Kunawa si kufuta. Ukimaliza kupiga, chukua kitambaa kikavu, uzi kwa uzi, juu na chini. Nyuzi za besi hazipatikani hapa kila siku. Hizi zako zimekufa."

Alikuwa na haki ya kusema. Wapiga besi wa mpakani ni watu wa ajabu. Watafuta viatu, watafuta simu, watafuta hata spika za wenyewe, lakini waambie wapitishe kitambaa kwenye uzi, utadhani umewaomba figo. Uzi unajaa jasho na mafuta, sauti inadoda, ndipo wanakuja mbio kwa Abdulnoor awachemshie.

Na uzi ukichemka hutoa yote uliyoyasikia. Nyuzi za bendi za baa hutoa mabishano ya bia. Nyuzi za bendi moja ya ng'ambo zilihesabu kwa Kiganda kutwa nzima, mpaka jirani anayeuza mitumba akahamisha meza. Abdulnoor hatumii saa. Mvuke ukinyamaza, uzi umetakata, anautoa, anaukausha vizuri, basi. Yaliyosemwa hayamhusu, yeye ni fundi.

Alifungua uzi mmoja tu, ule mwembamba kuliko wote, kwa sababu ukivua nyuzi zote kwa pamoja shingo hushtuka. Akautia kwenye maji. Mvuke ukaimba kwaya kidogo, ukapiga chafya ya mtoto, ukatangaza funguo zilizookotwa. Halafu mlango ukafungwa. Akwii aliujua mlango ule. Ulikuwa wa ofisi ya pasta, mahali besi inapolala wiki nzima ikiegemea kabati.

"...luka atoke kabla ya mwezi kuisha," mvuke ulisema kwa sauti ya Pasta Quinton. "Malori yanataka kuingia."

"Na akiuliza?" alijibu mtu mwingine.

"...dole chake kiko kwenye kara..."

Maji yakachemka kimya. Uzi mwembamba hushika mambo vipande vipande. Abdulnoor akanyoosha mkono aufungue uzi wa pili, na Akwii akamshika kifundo cha mkono.

"Hizo zingine usichemshe, fundi."

Aluka ni mama yake Akwii. Miaka kumi na minane iliyopita alilitolea kanisa nusu ya shamba lake, ile nusu ya barabarani, kwa mdomo tu mbele ya watu, naye akabaki na nusu ya nyuma, penye nyumba na kaburi la mumewe. Wiki iliyopita walikuja wanaume wawili na utepe wa kupimia. Walisema wanapima choo cha kwaya. Walipima mpaka jikoni, na Akwii aliwapikia chai. Kukumbuka chai ile kulimchoma kuliko yote.

Abdulnoor alielewa bila kuuliza. Akafungua ule uzi mnene, wa chini kabisa, akausafisha kwa macho tu, hakuugusa na kitambaa. Uzi mnene ndio unaosikia kila kitu, alisema, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Akauzungusha taratibu, mzingo mpana wa sahani, kwa sababu ukiukunja zaidi ya hapo unavunjika ndani na maneno yanachanganyika. Akaufunga kwa gazeti.

"Sikiza vizuri, dada. Uzi husema mara moja. Ukishasema, umekwisha. Usiupige. Usiuweke mfukoni, joto la mwili linatosha kuuanzisha. Usiuweke penye maji, utapata kutu, na kutu inakula maneno. Uchemshe mahali watu wenye nguvu wako."

"Naibu chifu ako na baraza Ijumaa."

"Ijumaa ni mbali," alisema Abdulnoor, akaurudisha uzi mwembamba mahali pake, akamkabidhi besi yenye nyuzi tatu.

Ilikuwa mbali kweli. Nyumba ya Aluka ni ya mabati, na jua la Malaba halina adabu. Jumatano saa sita mchana Akwii alikuwa akitwanga karanga aliposikia uzi ukinong'ona ndani ya debe la wimbi alimouficha. "Karibuni wageni," ulisema, kwa sauti ya pasta, halafu ukanyamaza. Maneno mawili yamekwenda. Akwii aliingia akauhamishia chini ya kitanda, kando ya mtungi wa maji upate ubaridi, lakini si karibu sana, akaketi sakafuni akiupepea kwa ungo. Kama ungeendelea kusema, ungeimba kwaya kwanza au ungefungua mlango wa ofisi? Hakuna aliyejua. Hakula mchana huo, na mama yake hakumlazimisha.

"Mimi nilitoa nusu ya barabarani," mama alisema kutoka mlangoni, akipeta wimbi. "Hii ya nyuma sikutoa. Wakisikia watasema pole, watayafuta hayo maandishi ya karatasi yao."

"Na wakikataa?"

"Sauti yao watakataa namna gani?"

Jioni ya siku hiyo kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Akwii alipiga kwa nyuzi tatu, akikwepa noti za chini, jasho likimtoka. Pasta Quinton alisimama nyuma akisikiliza. Si mtu mbaya. Ndiye aliyempeleka Aluka hospitali mwaka juzi kwa gari lake mwenyewe, akakaa naye mpaka alipopata kitanda.

"Uzi mnene uko wapi, dada?"

"Uko kwa fundi, pasta."

"Ni wa zamani sana huo. Ulete niutupe, tutafute mwingine mpya kabla ya ubatizo."

"Fundi amesema bado uko na nguvu."

Pasta aliutazama ule upande mtupu wa besi, akasema fundi ndiye anajua, akaenda kufunga madirisha. Akwii alipiga wimbo uliofuata wote kwenye ufunguo usiofaa na hakuna aliyemrekebisha.

Alhamisi uzi ulisema mara tatu. Mara ya kwanza ni salamu, mara ya pili sehemu ya mahubiri, mara ya tatu ni mtu akitafuta miwani. Kila mara Akwii alihesabu kilichopotea, kana kwamba alijua kilichobaki. Alilala chali sakafuni pembeni yake, akiwa amejizuia kuushika, maana hata jasho la kiganja ni moto wa kutosha.

Ijumaa saa nne alifika kwenye ukumbi wa mabati wa naibu chifu na jiko, mkaa, sufuria, chupa ya siki na lile gazeti. Mama yake alimbebea maji. Naibu chifu Emukule alianza na ng'ombe wanaozurura, akaja kwenye mtaro ulioziba, halafu kwenye vitambulisho. Akwii alingoja mpaka yakafika mengineyo. Akainua mkono, akasema ana uzi. Emukule akamruhusu, akaomba tu jiko liwekwe karibu na mlango kwa sababu ya moshi. Pasta Quinton, aliyekuja kufungua kikao kwa maombi, alisogeza kiti chake kumpa nafasi.

Maji yalichelewa kuchemka. Watu wakaongea habari ya mvua. Kisha mvuke ukapanda, uzi ukaanza na pambio, na akina mama wa nyuma wakaitikia kidogo kwa mazoea. Ukahubiri. Ukatangaza harusi. Ndipo mlango ukafungwa, na yakatoka yote bila kukatika.

"Aluka atoke kabla ya mwezi kuisha. Malori yanataka kuingia."

"Na akiuliza?"

"Kidole chake kiko kwenye karatasi. Alitia siku ya kugawa mablanketi, akidhani anapokea blanketi. Tumeandika shamba lote."

"Na muhuri?"

"Muhuri nitapiga mimi," ilisema sauti ya tatu. "Nileteeni Jumatatu kabla sijaenda kwa mazishi."

Mvuke ukanyamaza. Karani alimaliza kuandika, akamwuliza Emukule kama sauti ya tatu aiandike kwa jina.

"Andika," alisema Emukule. "Hiyo ni mimi."

"Ya kwanza ni yangu," alisema Pasta Quinton. "Imetoka wazi kabisa. Uzi ulikuwa umejaa uchafu."

Siku tatu Akwii alikuwa amejiandaa wakatae. Alijua atakachosema wakikataa, alikuwa amekipanga neno kwa neno, angewauliza mbele ya watu kama sauti zao zina mapacha. Kwa kukubali hakuwa amejiandaa. Alisimama na kijiko cha siki mkononi na hasira ikampanda, ikakosa mahali pa kushuka.

"Sasa si mumesikia," alisema hatimaye. "Si mufute."

"Dada, uzi umesema kweli," Emukule alimjibu, kwa upole kabisa. "Hakuna mtu amekataa hapa. Lakini karatasi iko na muhuri, na ilishaenda kwa ofisi ya ardhi. Uzi hauna muhuri. Mimi siwezi kupiga muhuri kwa uzi."

"Mama," pasta alimwambia Aluka, "kanisa litakusaidia kuhama. Vijana watabeba vitu."

Aluka alikuwa akikitazama kidole gumba chake. Alisema blanketi lenyewe lilikuwa jembamba.

Mzee mmoja wa safu ya pili, Opolot, akainuka kwa fimbo yake. "Na sisi wengine tuliochukua mablanketi?" aliuliza. "Sisi tulitia kidole kwa karatasi gani?"

Watu waliokuwa wamekunja mikono waliikunja zaidi. Emukule alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akaufunga.

"Hilo tutaweka kwa baraza ijayo, mzee," alisema, na karani akaandika hivyo. Opolot akaketi. Kikao kikafungwa kwa maombi, na watu kadhaa wakapita kwa Akwii kumshukuru kwa kuwaletea jambo lililo wazi. Mmoja alimsaidia kumwaga maji.

Pasta Quinton aliomba uzi urudi mahali pake kabla ya Jumapili kwa vile sasa umetakata. Akwii aliukausha, akaufunga mwenyewe, akaukaza pole pole, akiuacha upumzike kidogo kati ya mzunguko na mzunguko. Hakutaka kuifanya kazi hiyo vibaya. Hakujua kwa nini. Ubatizo ulikwenda vizuri, na besi ilisikika mpaka kwenye foleni ya malori. Watu walisema kanisa halijawahi kuwa na sauti kama ile. Akwii alipiga akitazama ukuta.

Alhamisi iliyofuata vijana wa kanisa walibeba vitu kama walivyoahidi, lakini ilipofika saa saba mkokoteni ukapasuka gurudumu, wakaenda kutafuta la kuazima. Kitanda cha Aluka kilibaki nje, kando ya kaburi la mumewe, naye ameketi juu yake na sufuria mapajani. Akwii alikuwa amesimama kando yake. Uzio wa miba ulikuwa umeshafyekwa. Lori la kwanza likaingia, refu, limebeba saruji, likajaribu kukata kona likashindwa. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mama, samahani. Sogeza kitanda kidogo nipate nafasi."

Aluka akateremka, akaweka sufuria chini, akashika upande wa kichwani. Akwii akashika miguuni. Wakainua, wakasogea hatua mbili, wakatua. Lori likaja taratibu, gurudumu la mbele likapanda ukingo wa kaburi, likasimama.

"Asante sana, mama," alisema dereva. "Bado kidogo."